Bahari Tano Nyuma ya Jiko

Mume wangu alizaliwa pwani, na kwa sababu hiyo watu wa kwetu mlimani waliamini kwamba anawajua samaki. Yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika mtaa wa mafundi cherehani, baba yake fundi, babu yake fundi, na samaki alianza kuwajua wakiwa tayari sufuriani. Bahari aliiona kila siku kama mimi nilivyouona mji wa Morogoro kutoka shambani kwetu: iko pale chini, inang'aa, ina mambo yake.

Tulikutana sokoni Morogoro, vita vya wazungu vikiwa vimekwisha miaka michache nyuma. Mimi nilikuwa nikiteremka na tenga la kabichi na figili kichwani, yeye alikuwa akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi. Nilimpelekea kitambaa cha gauni. Hakunishika wala hakuchukua tepu, alinitazama tu mara moja juu na chini, akakata. Gauni lilinikaa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuvaa nguo iliyonikaa, zote zilikuwa za dada zangu. Nilimpenda palepale barazani, na naona niseme hivyo waziwazi, maana wazee wenzangu siku hizi hujifanya wote waliolewa wakiwa wamefumba macho.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ukoo, ambao sisi tunauita lukolo, ndio wenye shamba. Mwanamke analima kwao, na mume anakuja kukaa kwa mkewe kama mgeni mwenye kazi. Msimamizi wa yote ni mjomba. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula cha mchana hucheka mara chache.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mume wangu akapewa jembe. Shamba letu lina mwinuko ambao hata mbuzi hutafakari kwanza. Yeye alikwenda na viatu, tena viatu vya ngozi, vya soli laini. Alipiga jembe la kwanza vizuri. La pili jembe likaanza kuteremka, naye akalifuata kwa heshima zote, na wote wawili wakaja kusimama kwenye migomba ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu: anaweza kututukana, kututwalia kuku, kutuchekea hadi msibani, na sisi haturuhusiwi kununa. Alimpandisha mume wangu kwa kumshika mkono, mbele ya watu wote waliokuwa wakilima.

"Hodi hapa!" akasema. "Nimeokota kitu kimeteremka kutoka kwenu. Kina viatu. Kama si chenu, nitakifuga."

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mjomba hakucheka. Jioni ile alituita, mimi, mume wangu na mama yangu, tukakaa kwenye mkeka uani kwake.

"Mtu huyu hawezi kulima," alisema, akimwangalia mama kana kwamba mume wangu hayupo. "Ni kijana mwenye adabu, sikatai. Lakini shati haliliwi. Ukoo hauwezi kulisha mtu wa kukaa tu. Arudi kwao. Binti tutamtafutia mwingine, mwenye miguu."

Nikamwangalia mume wangu, nikitumaini atasema jambo la maana, na hapo ndipo aliposema.

"Mjomba, mimi si mtu wa jembe. Mimi ni mtu wa samaki."

Lazima nieleze kwamba wakati ule serikali ilikuwa na mabwana wa kila kitu. Bwana Shamba alikuwa akituhimiza tuchimbe matuta ya ngazi milima yote, tukimwona tunajificha. Bwana Samaki yeye alikuwa ameanza kupita vijijini akiwaambia watu wachimbe mabwawa, awape vifaranga vya perege bure, wavifuge. Huyu hatukumkimbia, kwa sababu alikuja na kitu kinacholiwa. Nyama kwetu ilikuwa ya sikukuu. Samaki tuliyemjua ni ng'onda tu, wale wakavu kutoka pwani, wagumu kama kandambili, waliojaa chumvi mpaka unakunywa maji siku mbili.

Mjomba alilamba midomo. Alipenda sana kitoweo.

"Haya," akasema. "Lile bonde kando ya mfereji halina kazi. Chimbeni hilo shimo la Bwana Samaki. Siku nitakapokula samaki wa shimo lile nikashiba, mtu huyu atakaa. Mvua za vuli zikianza sijala, ataondoka. Na cherehani yake ikae kwenye gunia, mlangoni, imefungwa, ili siku hiyo tusipoteze muda."

Basi. Cherehani ya mkono, iliyokuwa ndiyo mali yake yote duniani, ikafungwa kwenye gunia la katani na kuwekwa mlangoni kwa mama. Kila nilipoingia na kutoka niliiona. Usiku nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Samaki unawajua kweli?" Akanijibu, "Najua wanaishi majini." Nikamgeuzia mgongo.

Tulichimba bwawa. Wanawake wa kwetu walichimba zaidi, yeye alibeba udongo, bila viatu safari hii. Mwishoni mwa masika Bwana Samaki akapanda mlima na wapagazi wawili waliobeba madebe, huku yeye mwenyewe akiingiza mkono na kuyakoroga maji ili wale vifaranga wapate hewa. Alikuwa kijana mpole mwenye kaptura na magoti yaliyokwaruzika. Alisema samaki wale wametoka mtoni Ngerengere, huko chini kwenye joto. Akawamimina, akatuambia tuwape pumba, akashuka kabla ya giza.

Sasa, sisi watu wa mlimani tuna jambo moja tu la kujivunia mbele ya watu wa chini, nalo ni maji. Maji yetu ni baridi, meupe, yanapita bila kusimama. Mwanamke wa kwetu hupimwa kwa maji yake kabla hajapimwa kwa mapishi. Asubuhi, kabla hujamwamkia mtu, unasafisha kipande chako cha mfereji. Maji yakisimama ni uvivu, na yakiota ukijani ni aibu ya kusimuliwa msibani. Kwa hiyo nililitunza lile bwawa kama nilivyofunzwa. Nilifungua mfereji wote uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, mchana na usiku. Kila asubuhi niliingia na kata kuondoa kila chembe ya kijani, kila jani, kila uchafu. Nilisugua hata mawe. Maji yakawa meupe hadi unahesabu kokoto chini, na majirani wakaja kuyatazama. Mama yangu alitembea na kichwa juu wiki nzima.

Samaki wakaanza kufa.

Kipupwe kilikuwa kimeingia, ukungu umelala bondeni hadi jua linapanda. Asubuhi nilikuta watatu matumbo juu. Kesho yake wengi. Nikazidisha usafi. Wakazidisha kufa. Mume wangu alisimama ukingoni amejikunyata ndani ya blanketi, akitafuta neno la kitaalamu. "Wamechoka safari," akasema.

Siku ya samaki wa mwisho, mtani alikuja kutoa pole. Nasema pole kwa sababu sina neno jingine. Alijifunga majani makavu ya migomba kiunoni, akaweka samaki mmoja aliyekufa kwenye ungo, akamfunika kwa kipande cha kaniki, akapita njia kuu ya kijiji akilia kwa sauti ambayo hakuilia hata kwa baba yake.

"Uuwii! Ewe marehemu! Ulikuwa kwenu Ngerengere, kwenye joto lako, unakula unashiba! Ukadanganywa na mapenzi ukaja kuolewa mlimani! Baridi imekuua, ewe marehemu! Ndugu zake wako wapi? Wamekufa juzi! Mashemeji zake wako wapi?" Hapa akamtazama mume wangu kwenye blanketi lake. "Huyu hapa mmoja, naye amebakiza kidogo!"

Akafika uani kwetu, akaweka ungo chini, akakaa juu ya kinu. "Maiti hii haizikwi," akasema, akiwa amekausha machozi, "mpaka nipewe jogoo."

Mila ni mila. Mama alimkamata jogoo huku akisaga meno. Tukamzika samaki wa urefu wa kidole kwa jogoo mzima, na mtani akamla jogoo huyo palepale, akatusifu mapishi.

Mimi nilikuwa nikimenya mihogo, nikiwa na hasira za kutosha kuimenya bila kisu. Lakini maneno ya mtani yalinikaa. Ulikuwa kwenu kwenye joto lako. Mkononi mwangu muhogo ukasimama. Nilikumbuka kitalu changu cha kabichi. Miche ikifa kitaluni, usilaumu mbegu kwanza. Unaichukua michache unaweka kivulini, michache juani, michache penye samadi, halafu unakaa unaangalia ni ipi inayoinua shingo. Nikamwambia mume wangu. Macho yake yakafunguka, akaacha blanketi.

"Kiolezo!" akasema.

"Kitu gani?"

"Mtu akikuletea kitambaa cha harusi hukikati. Unakata kwanza gazeti, unamvisha gazeti, unaona linapombana. Sisi tumekata kitambaa moja kwa moja. Bwawa ni kitambaa. Tutafute gazeti."

Gazeti letu likawa vyungu vya mama.

Bwana Samaki alikuwa bado kwenye vijiji vya chini. Nilishuka kumfuata. Alisikitika kweli, akatupa madebe mengine mawili, akasema hayo ndiyo ya mwisho, vijiji vingine navyo vinangoja. Alisema pia, na nilimpenda kwa hilo, kwamba aliyofundishwa yote ni ya mabondeni, na kwamba huku juu hata yeye mwenyewe alisikia baridi. Tukayapandisha madebe, tukawahifadhi samaki wengi jikoni karibu na moto, na wachache tukawagawa kwenye vyungu vitano nyuma ya jiko. Mume wangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa pwani, akaviita bahari.

Bahari ya kwanza ilikuwa ile yetu tukufu: maji ya mfereji yanayotiririka kwa mwanzi, safi, baridi, yakiingia na kumwagika. Ya pili ilikuwa maji safi yaliyosimama kwenye kivuli cha mgomba. Ya tatu niliitia samadi ya mbuzi na majani, nikaiweka juani ikasimama, nikaona haya kuitazama. Ya nne ilikuwa ya mama. Mama alikuwa amenyamaza siku zote hizo akitusikitikia, na sasa akasema wazi kwamba sisi ni wajinga, kwani samaki gani duniani aliwahi kumwonja asiwe na chumvi? Ng'onda ana chumvi, papa ana chumvi, hata mchuzi wake una chumvi. Chumvi ndiyo hewa yao. Akatia konzi mbili, akakiweka chungu chake kwenye ukuta wa jiko, upande wa moto, ili akichunge.

Ya tano ilikuwa ya mume wangu. Alisema samaki huyakosa mawimbi. Asubuhi na jioni alikikumbatia chungu, akakitikisa huku na huku, akitoa na mlio wa bahari kwa mdomo. Mtani alipita akasimama kumtazama.

"Huyo mumeo," akaniuliza, "chungu chake kikilala usingizi, atakilaza wapi?"

Kwa siku hizo tulipika kwa chungu kimoja, kwanza ugali, kisha mboga, kisha chai yenye harufu ya vyote viwili. Mama alilalamika kila mlo. Lakini hakuna aliyekosa kuamkia nyuma ya jiko. Hata Mjomba alipita mara mbili akijifanya anatafuta mbuzi.

Bahari ya mfereji ilikuwa ya kwanza kuua. Wote, asubuhi moja ya ukungu. Niliumia, maana lile ndilo jambo nililokuwa hodari nalo kijiji kizima. Ya mawimbi ikafuata. Mtani alisema wale wamekufa kwa kutapika. Wa kivulini walikuwa hai ila wamezubaa, hawali, hawakui. Ya samadi, ile ya aibu, maji yakawa ya kijani mazito kama mlenda, na ndani yake samaki wakanenepa, wakikimbizana, wakitafuna ule uchafu kama watu walio karamuni.

Na bahari ya mama nayo, wote wazima.

Sijui kama umewahi kuishi na mama yangu mwezi aliokuwa sahihi. Alianza kuzungumzia chumvi asubuhi, akalala nayo. Alitaka magunia ya chumvi yapandishwe kutoka Morogoro yamwagwe bwawani. Mume wangu akasema labda si chumvi, labda ni ukuta wa jiko, wale walikuwa wanapata joto la moto. Mama akasema mtu aliyeshindwa kusimama shambani asimfundishe kupika. Nikaona hapa nyumba itavunjika kabla ya vuli. Nikafanya kama kitaluni: unahamisha. Chungu cha chumvi nikakipeleka kwenye mfereji, nikakizamisha hadi shingoni kwenye maji baridi. Mahali pake ukutani nikaweka chungu cha maji matupu, yasiyo na chumvi, na samaki wengine.

Wa ukutani wakaishi. Wa chumvi, huko kwenye baridi, wakafa.

Mama alivitazama vyungu vyote viwili, mikono kiunoni.

"Haikuwa chumvi ya kutosha," akasema, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimekwisha elewa, na nilielewa kwa uchungu. Niliwaua kwa usafi. Yale maji niliyokuwa nikiwaingizia mchana na usiku yalikuwa barafu kwao, na ule ukijani niliokuwa nikiuchota kwa kata ulikuwa chakula chao na blanketi lao. Kila asubuhi niliwapokonya uji mdomoni, halafu nikawafungulia dirisha.

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya. Niliziba mfereji. Nikaliacha bwawa lisimame, nikaongeza maji kidogo tu, saa za adhuhuri, jua likiwa limeyapasha. Nikatia samadi ya mbuzi, majani ya magimbi, majivu. Lilipokuwa limeota ukijani mzuri, tukawamimina samaki waliobaki. Wanawake walipita njia ya juu wakitema mate pembeni. Mama alilia kweli, machozi yake si ya utani. "Watasema binti yangu ana maji ya uvundo," akasema. Nikamjibu kwamba binti yake ana maji ya uvundo na mume, na mwenye maji safi amebaki na maji. Hakunisemesha siku mbili.

Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha. Mjomba akaja asubuhi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, amekuja kula au kufukuza. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na gunia lake. Mimi nikamtangulia Mjomba hadi bwawani. Nikarusha pumba. Bwawa zima likachemka kwa vinywa vidogo.

Mjomba akainama. Samaki walikuwa urefu wa kiganja cha mtoto.

"Hawa nikila sitashiba," akasema. "Bado wadogo. Nitasema siku yenyewe."

Akaondoka. Kesho yake akarudi. Akakaa juu ya jiwe, akawatazama. Siku ya tatu alikuja na kumbikumbi kwenye jani, akawarushia mmoja mmoja, akiwakemea kama alivyotukemea sisi. "Wewe! Umeshakula! Mwachie mwenzako!" Nusura nicheke kwa nguvu. Akawa na mmoja wake, mkubwa, aliyechanwa mkia na mdiria, yule ndege mvua samaki. Huyo akisikia sauti ya Mjomba huja hadi ukingoni akafungua mdomo.

Miezi ikapita, samaki wakawa wa sahani. Mume wangu akamwamkia Mjomba asubuhi moja. "Shikamoo, Mjomba. Tuvue leo?"

"Marahaba. Una haraka ya nini?" Mjomba akamjibu. "Una safari?"

Vuli ya pili ikaja. Hakula. Sisi wengine tulikula, na mama akawa wa kwanza kusema perege wa samadi ana utamu wake, ila chumvi imepungua. Lakini hukumu ilikuwa ya Mjomba, naye hakula, na gunia likabaki mlangoni. Wateja wakija, mume wangu alifungua kamba akashona akiwa amekaa sakafuni, cherehani mbele yake. Mjomba akisikika anakohoa njiani, ilirudi ndani ya gunia. Kijiji chetu kilikuwa na mashati mengi yenye mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, kulingana na mahali kikohozi kilipomkuta.

Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Lakini niseme kweli, iliniuma. Mume wangu alitamani kupanda mchungwa nyuma ya nyumba, miche ilikuwapo, akakataa. "Mtu hapandi mti asioujua kama ataula," alisema, akabadili mazungumzo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa, akajifunza kusimama kwa kulishika lile gunia. Nilikuwa nikimwona mwanangu amening'inia kwenye mzigo wa baba yake wa kuondokea, nikaingia jikoni kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Kipupwe kilichofuata Mjomba akashikwa na kichomi. Alilala siku nyingi bila kula. Dada zake walikwisha anza kunong'ona. Mchana mmoja akafumbua macho, akaniita.

"Nataka kitu chenye mchuzi," akasema. "Si kuku. Samaki."

Nilimtazama mume wangu. Akatoka kwenda bwawani. Kulikuwa na baridi siku hiyo, samaki wote walikuwa wamejificha chini, hawakusikia pumba wala wito. Alirudi baada ya muda mrefu, amebeba kitu kimefunikwa kwa jani la mgomba, na hakutaka kunitazama. Nikafunua jani. Nikaona mkia uliochanwa.

"Ndiye peke yake aliyekuja," akasema.

Tungefanyaje? Nilimpika kwa nyanya na ndimu, nikapika vizuri kuliko nilivyowahi kupika, kwa hofu. Mjomba hakujua kula samaki mwenye miiba. Maisha yake yote alikula ng'onda aliyesagwa. Mume wangu akakaa kitandani kando yake, akaichambua ile nyama kwa ncha za vidole, polepole, kama anayetoa pini kwenye nguo ya mtu aliyeivaa. Akamlisha. Tonge kwa tonge, Mjomba alikula hadi kichwa. Akanywa mchuzi. Akajifuta mdomo, akalala.

Alipona. Siku aliyotoka nje kwa mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja bwawani kwa fimbo, na sisi sote nyuma yake, mama, mume wangu, mimi na mtoto mgongoni, hata mtani. Akakaa juu ya jiwe lake. Akaita. Samaki wakaja. Akawatazama mmoja mmoja.

"Yule wa mkia uliochanika simwoni," akasema.

Mama alianza kuchunguza kucha zake. Mjomba akaita tena, akangoja. Kisha akageuka, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, halafu taratibu akainamisha kichwa akalitazama tumbo lake mwenyewe.

Mtani akavuta pumzi, tayari kuanza kulia. Mjomba akainua fimbo, mtani akakimeza kilio.

Mjomba alipangusa machozi au jasho, sijui, kwa mkono wake mwenyewe.

"Alikuwa mtamu," akasema. "Nilishiba."

Akasimama, akaanza kupanda njia. Katikati ya njia akasimama bila kugeuka.

"Na lile gunia mlangoni liondoeni. Nitajikwaa."

Mume wangu alifungua kamba jioni ile. Akaiweka cherehani juu ya meza, karibu na dirisha. Mama akachukua gunia akatilia viazi. Mtoto alilitafuta mlangoni, akalikosa, akakaa chini kwa kishindo akalia, baba yake akamwinua.

Asubuhi yake, kabla watu hawajaenda shambani, mume wangu aliazima jembe la mtani, akateremka polepole nyuma ya nyumba, bila viatu, akapanda mchungwa.